Gari Moja, Kazi Mbili

Sisi tuliokulia Panda tumeishi kati ya vyuma tangu utoto. Union Minière, na baada yake Gécamines, ziliweka hapa karakana kuu za kuhudumia migodi na viwanda vya Katanga, na wazee wetu wengi walijifunza humo kuchonga vipuri, kuchomelea na kutengeneza mitambo. Ndiyo maana kijana wa Panda akisimama mbele ya gari, jambo la kwanza analotaka ni boneti ifunguliwe. Napenda tabia hiyo, kwa maana inaheshimu kazi ya mikono. Hata hivyo, lipo swali linalotangulia injini, na ndilo ninalotaka tulitafakari pamoja: chombo tunachokinunua kwa jasho letu kitamtumikia nani, na katika siku zipi za juma?

Swali hilo lililetwa kwangu mwaka jana na kijana mmoja wa parokia yetu, fundi wa magari. Sitamtaja jina, ingawa ameniruhusu kusimulia habari zake. Kwa miaka minne aliweka akiba, dola baada ya dola, hadi akapata kiasi cha kununua gari moja. Yalikuwapo mawili yaliyokuwa yakiuzwa, yote Subaru Impreza, na bei zake zilikaribiana. La kwanza lilikuwa gari la kawaida lenye milango minne na viti vitano, usukani upande wa kulia kama magari mengi yanayotufikia kutoka Japani, na hati zake kamili. La pili lilikuwa limekwisha kugeuzwa kuwa gari la mashindano huko Zambia: viti viwili tu, kizimba cha mabomba ya chuma kimechomelewa ndani ya bodi, mazulia na vitambaa vyote vimeng'olewa, springi ngumu, na hati za barabarani hakuna.

Kijana huyo anapenda mbio za magari kuliko mpira. Hufuatilia kwa simu Safari Rally ya Naivasha, na anajua kwamba Zambia, ng'ambo ya mpaka wetu wa Kasumbalesa, imewahi kuandaa duru ya mashindano ya rally ya Afrika. Akaniambia: "Yaya, nikichukua la kwanza, litabeba abiria juma zima, na siku ya mashindano nitalipeleka likashindane. Lakini wenzangu wananicheka. Wanasema huo ni uvuguvugu. Anayetaka kushinda hununua gari la kushinda."

Kwanza tuwasikilize wenzake, kwa sababu wana hoja. Gari lililoundwa kwa mashindano peke yake lina unyofu wa aina yake. Kila kisichosaidia mwendo kimeondolewa. Uzito ukipungua, injini ile ile hulisukuma gari kwa wepesi zaidi, breki hulisimamisha mapema, na tairi hushika vizuri katika kona. Kizimba cha chuma huzuia paa lisimbane dereva gari linapopinduka, na huikaza bodi isipindepinde juu ya mashimo. Kiti humkumbatia dereva, na mikanda humfunga mabegani, kiunoni na kati ya mapaja. Gari la familia haliwezi kuyapata hayo yote bila kuacha kuwa la familia.

Tena gari hilo lina fadhila ambayo wengi hawaioni. Kwa kuwa haliruhusiwi barabarani, huletwa juu ya trela na kurudishwa juu ya trela. Dereva wake hawezi kushawishika kulijaribu Jumatatu jioni katika barabara ya kutoka Likasi kwenda Lubumbashi, kilomita kama 120 zenye malori ya madini, baiskeli za makala na watoto wanaotoka shule. Gari la kazi mbili huja na kishawishi hicho ndani yake. Aliyeshindana Jumapili huweza kuubeba mwendo huo mguuni hadi Jumatatu. Ninawaomba msilipite neno hili haraka, maana katika barabara hiyo tumekwisha kuwalilia watu.

Lakini gari la mashindano lina njaa kubwa. Linahitaji trela, na trela huhitaji gari jingine la kuivuta. Mikanda yake ina tarehe ya mwisho wa matumizi kama dawa, na tarehe hiyo ikifika hubadilishwa hata kama haijachanika. Tairi zake huisha upesi. Bima ya kawaida hailipi hasara iliyotokea mashindanoni. Na siku ambazo hakuna mashindano, ambazo ni karibu siku zote za mwaka, hulala chini ya turubai bila kuleta hata franka moja.

Mzee mmoja aliyekuwa akitusikiliza alitaka kukata shauri kwa methali mbili: mshika mawili moja humponyoka, na njia mbili zilimshinda fisi. Mwingine akakumbusha onyo la Injili juu ya mtumishi wa mabwana wawili. Nimeyawaza maneno hayo kwa siku nyingi. Fisi wa methali alishindwa kwa sababu alitaka kuzipita njia zote mbili kwa wakati mmoja. Mkulima hupita njia ya shamba asubuhi na njia ya soko jioni, wala hapasuki. Vivyo hivyo, Injili inaonya juu ya mabwana wawili, haimkatazi mtumishi mmoja kuwa na kazi nyingi. Jembe hulima shamba na huchimba msingi wa nyumba, na mwenye jembe ni yule yule. Basi ilitupasa kumwuliza kijana: je, kazi hizi mbili za gari lako zitamtii bwana mmoja?

Historia ya mbio za magari katika Afrika Mashariki inaweza kutusaidia hapa, maana mbio mashuhuri kuliko zote za ukanda huu zilizaliwa kutokana na mabishano yanayofanana na yetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Eric Cecil, mpenzi wa mbio nchini Kenya, alimwalika binamu yake Neil Vincent ashiriki mbio za kuuzunguka uwanja wa Langa Langa, karibu na Gilgil. Vincent hakuvutiwa. Kuzunguka mahali pale pale aliona ni jambo la kuchosha. Alikuwa radhi kushiriki iwapo kila mtu angeingia katika gari lake mwenyewe, akasafiri mbali ndani ya Afrika na kurudi, na wa kwanza kufika nyumbani awe mshindi. Kutokana na wazo hilo, mwaka 1953, wakati wa kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, magari yaliondoka kupita Kenya, Uganda na Tanganyika. Yalikuwa magari yale yale yaliyouzwa madukani, nayo yaligawanywa katika madaraja kwa kufuata bei yake.

Miaka iliyofuata ilithibitisha kwamba gari la kila siku si kitu cha kudharauliwa. Bert Shankland, dereva wa Tanzania, alishinda mwaka 1966 na tena 1967 kwa Peugeot 404, gari lile lile lililobeba familia na abiria katika miji mingi ya Afrika. Mwaka 1963, na kisha mwaka 1968, njia ilikuwa mbaya kiasi kwamba ni magari saba tu yaliyofika mwisho. Katika miaka yote miwili la kwanza lilikuwa Peugeot 404 la Nick Nowicki na Paddy Cliff. Mwaka 1965 Joginder Singh, fundi wa magari wa Kenya, alishinda pamoja na ndugu yake Jaswant kwa Volvo PV544 lililokuwa limekwisha kutumika mashindanoni mikononi mwa wengine. Mafundi wenzangu wa Panda, hilo la mwisho ni letu: gari kuukuu mikononi mwa mtu anayelifahamu vizuri.

Baadaye mambo yalibadilika. Kuanzia mwaka 1982 kanuni za kimataifa zilianzisha Kundi B, ambalo lilimtaka mtengenezaji aunde magari 200 tu ili aruhusiwe kushindana. Ndipo yalipotokea magari kama Peugeot 205 Turbo 16 na Lancia Delta S4, yaliyofanana na ya dukani kwa sura tu. Ndani, injini ilikuwa imewekwa nyuma ya dereva. Huko Ulaya yalikuwa moto wa kuotea mbali. Hata hivyo, katika barabara za Kenya, Peugeot 205 Turbo 16, Lancia 037 na Audi Quattro za kundi hilo hazikushinda Safari hata mara moja. Mwaka 1984, 1985 na 1986 mshindi alikuwa Toyota Celica, gari la Kundi B nalo, lakini lenye muundo wa kawaida zaidi na linaloendeshwa kwa magurudumu ya nyuma tu.

Tarehe 2 Mei 1986, Henri Toivonen na mwelekezi wake Sergio Cresto walifariki dunia katika mbio za Corsica, Lancia lao lilipotoka barabarani na kuwaka moto. Kundi B likafutwa kuanzia mwaka uliofuata, na nafasi yake ikachukuliwa na Kundi A, lililodai gari litokane na aina iliyoundwa kwa idadi ya 5,000. Safari ya mwaka 1987 ikashindwa na Hannu Mikkola kwa Audi 200, gari kubwa na zito lenye milango minne, la kumpeleka mtu ofisini. La pili lilikuwa Audi 200 pia.

Nisiwadanganye kwa kuishia hapo. Gari la mashindano peke yake limerudi, na linatamba. Safari iliporejea katika mashindano ya dunia mwaka 2021, baada ya kukosekana tangu 2002, magari yake yalikuwa ya gharama ambayo hakuna fundi wa Likasi awezaye kuifikiria. Na tangu 2022 yale ya daraja la juu hujengwa juu ya kiunzi cha mabomba ya chuma. Lakini hata magari hayo yana namba za usajili. Gari lililotoka kukimbia Kedong au Hell's Gate, likiingia barabara ya watu wote kwenda sehemu inayofuata, linalazimika kufuata mwendo unaoruhusiwa na kusimama polisi anapoinua mkono. Dereva mmoja, siku moja, hutii sheria mbili, na anajua mstari unaozitenga uko wapi. Nadhani hilo ndilo fundisho kubwa la rally kwa kijana mwenye gari moja.

Ni kwa sababu ya mstari huo nilipinga shauri la tatu lililotolewa na kijana wetu. Alitaka kununua gari la kawaida, kulichomelea kizimba cha chuma, kulitia breki na springi za mashindano, kisha kuendelea kubeba abiria. Nilimkatalia waziwazi. Dereva wa mashindano huvaa helmeti na hufungwa asisogee. Abiria wa Likasi hana helmeti; gari likigongwa, kichwa chake kitalikuta bomba la chuma, na kilichowekwa ili kumwokoa mmoja kitamwumiza mwingine. Pedi za breki za mashindano hushika vizuri zikiwa zimepata moto. Asubuhi ya baridi ya mwezi wa Juni, kwa mwendo wa mjini, hazishiki inavyotakiwa. Springi ngumu huwatesa wazee na wajawazito juu ya mashimo. Gari la namna hiyo lingekuwa baya kwa kazi zote mbili, na mzigo wa ubaya huo angeubeba abiria ambaye hakuulizwa. Gari la kazi mbili huwa jema pale tu kazi moja inapokuwa ya kwanza, na ya pili ikakubali kubaki na makombo.

Jioni moja tulikaa nyumbani kwao na karatasi. Baba yake amefariki. Mama yake anauza unga sokoni. Wadogo zake wawili wako shule ya sekondari. Tuliandika safu mbili: linachokula kila gari, na linacholeta. Mama alisikiliza kwa muda mrefu bila kusema neno, halafu akauliza jambo moja: "Mwanangu, hilo la viti viwili, wadogo zako wakishikwa na homa usiku, litatupeleka hospitali?" Hakuna aliyejibu. Lakini alipoona uso wa kijana umeinama, akaongeza: "Sikusema usishindane. Baba yako naye alikuwa na mambo yake aliyoyapenda." Niliyathamini maneno hayo ya pili kama ya kwanza. Kuna wazazi wanaomzika kijana akiwa hai kwa jina la wajibu, na kuna vijana wanaoifanya familia ilipie fahari yao. Mama huyu alikwepa mashimo yote mawili.

Kijana alinunua gari la kwanza. La pili lilichukuliwa na wenye karakana wanne wa Lubumbashi waliochangiana gharama, kila mmoja akiwa na gari lake la kumpeleka kazini. Sioni kwamba walikosea. Kwao gari la mashindano halikuondoa mkate mezani mwa mtu. Gari lile lile ambalo lingekuwa mzigo katika nyumba moja ya Panda, kwao limekuwa burudani halali na shule ya ufundi. Kijana wetu naye huenda kuwasaidia baadhi ya Jumamosi, na amejifunza kwao mengi juu ya shokapu na upimaji wa magurudumu.

Je, yeye ameshindana? Mara moja, katika shindano dogo la vumbi, kwenye eneo lililofungwa, mbali na barabara. Akawa wa tisa kati ya kumi na mmoja. Katika mzunguko wa mwisho alivunja mkono wa gurudumu la mbele. Siku tisa gari halikubeba abiria, na nyumbani nyama ilikosekana hadi lilipotengenezwa. Mama yake hakumkemea. Alisema tu: "Sasa tunaijua bei yake." Wakakubaliana pamoja kwamba atashindana mara moja kwa mwaka, baada ya ada za shule kulipwa, kwa tairi za pembeni ambazo hazibebi abiria, na kwamba usiku wa kuamkia siku ya kazi atakagua breki, usukani na kila nati ya magurudumu kabla mtu yeyote hajapanda. Wenzake bado wanamcheka. Hatashinda kamwe kwa gari hilo dhidi ya magari yaliyoundwa kwa kazi hiyo peke yake, naye analijua hilo. Kuna siku linamwuma. Nimemwona akisimama pembeni ya lile la mabomba, mkono juu ya paa lake, akinyamaza.

Vijana wapendwa, wengi wenu mtakutana na uchaguzi kama huu bila gari lolote kuwapo: mashine ya kushona ya nyumbani au ya kiwandani, simu ya kazi au ya fahari, masomo yanayokwenda pamoja na kibarua au masomo yanayodai mtu mzima. Msimwite vuguvugu kila aliyechagua chombo cha kazi mbili. Msimwite mbinafsi kila aliyejitoa kwa kazi moja. Ulizeni ni nani hula kutokana na chombo hicho, ni nani hupanda ndani yake, na ni nani atakayelipa kikivunjika. Mkishapata majibu, chagueni waziwazi, na mlichokikosa mkubali kwamba mmekikosa.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika familia yako, ni chombo kipi kinachofanya kazi zaidi ya moja? Kazi ipi ni ya kwanza, na ni nani aliyeamua hivyo?

2. Mama alisema mambo mawili: juu ya hospitali na juu ya mambo ambayo baba alikuwa akiyapenda. Lipi husahauliwa zaidi katika nyumba zetu?

3. Shauri la tatu, la kuchomelea kizimba ndani ya gari la abiria, lilikuwa na hatari kwa watu ambao hawakuulizwa. Tafuteni mfano mwingine, katika kazi zenu za kila siku, ambapo mtu anataka vyote viwili na mwingine ndiye anayelipa.

4. Wale wanne wa Lubumbashi walichangiana gharama. Je, kipo kitu ambacho kikundi chetu kingeweza kumiliki pamoja, ili kipaji cha mmoja wetu kisife, na mkate wa nyumbani kwake usiguswe?